Kupima Usugu wa Mbu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya ni kwa kila anayepima usugu wa mbu dhidi ya dawa za kuwaua huko Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, Tanzania, awe maabara au kijijini. Muleba ndiko lilikofanyika, mwaka 2014 hadi 2017, jaribio la vyandarua vya PBO (kiambato kinachodhoofisha usugu wa mbu) katika maeneo 48, na matokeo yake yakaifanya WHO ivipendekeze vyandarua hivyo mwaka 2017 kwa sehemu zenye mbu sugu. Namba zinazotoka hapa huamua mtoto alale ndani ya chandarua gani. Hazitakiwi kubahatishwa.

FANYA: Weka kundi linganishi kila mara, mirija yenye karatasi zisizo na dawa, siku hiyohiyo, chumba hichohicho. Mbu wa kundi hilo wakifa zaidi ya 20%, jaribio zima limeharibika. Litupe, urudie.

FANYA: Pima pia mbu wa Kisumu, ukoo unaofugwa maabara ambao hauna usugu. Hao wakinusurika, kagua karatasi zako kabla hujamtuhumu mbu wa Muleba.

USIFANYE: Usiamini kipimajoto kwa sababu tu kimetundikwa ukutani. Mwongozo wa WHO unataka nyuzi 27, zisizidi wala kupungua kwa zaidi ya 2, na unyevu wa 75%, usiozidi wala kupungua kwa zaidi ya 10. Asubuhi ya mvua ya ziwani pale Bukoba, chumba hupoa chini ya hapo na hakuna anayeshtuka, ilhali makali ya pairethroidi, dawa inayotiwa kwenye vyandarua, hubadilika kufuatana na joto. Kipimajoto kifanyiwe ugezi, tarehe ibandikwe juu yake, kisomwe mwanzo wa jaribio na mwisho. Kumbuka mipaka: vifo vikifika 98%, mbu hana usugu, vikiwa chini ya 90%, usugu umethibitika. Chumba baridi chaweza kukuvusha mpaka huo, na wilaya nzima ikabadilishiwa dawa bure.

USIFANYE: Usichote viluwiluwi wote dimbwi moja. Utakuwa umepima ndugu wa tumbo moja ukadai umepima kijiji.

FANYA: Kubalianeni mapema mbu mfu ni yupi. Baada ya saa 24, aliyelala chali akitikisa mguu mmoja, asiyeweza kusimama wala kuruka, ni mfu. Lisiachiwe jicho la kila mtu. Na anayehesabu asijue mrija upi una dawa. Katika jaribio la Muleba, wenye nyumba na wafanyakazi wa uwandani hawakuambiwa chandarua ni cha aina gani.

USIFANYE: Ukipima pia watoto ili kuona kama chandarua kinawakinga, usihesabu kila kipimo cha haraka chenye mistari miwili kuwa malaria mpya. Protini kinayoinasa hukaa damuni wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa. Muulize mama dawa ilimezwa lini, uandike.

USIFANYE: Usifute namba. Iliyokosewa ipigwe mstari mmoja, iendelee kusomeka, sahihi iandikwe pembeni pamoja na saini na saa. Anayenakili daftari upya jioni ili lipendeze, aondolewe kwenye kazi hiyo.