Ushahidi wa Historia: Kumsikiliza Shahidi na Kumpima



Mwinjili Luka anaanza kitabu chake kwa kueleza alivyofanya kazi: alifuatilia habari kutoka kwa walioziona wenyewe, akazichunguza, ndipo akaandika (Lk 1:1-4). Nasi tunapoandika historia ya parokia au kigango, iwe hapa Mpepai au kule mwambao wa Ziwa Nyasa, tunahitaji uangalifu huo huo.

1. Maana yake

Ushahidi wa historia ni chochote kilichobaki kutoka wakati uliopita kinachotusaidia kujua kilichotokea. Upo wa maandishi, kama barua na daftari la ubatizo. Upo wa masimulizi ya wazee. Na upo wa vitu, kama makaburi, majengo ya kale na mashimo ya ngoro katika milima ya Umatengo.

Lakini ushahidi peke yake si historia. Daftari la ubatizo linatuambia nani alibatizwa, lini na kwa mkono wa nani. Halituambii ni katekista gani aliyemfundisha, wala kwa nini aliomba ubatizo. Anayesoma daftari tu humwona padre na kumsahau katekista.

2. Mfano wa Songea

Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji, Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Wangoni mjini Songea. Mmisionari Mbenediktini aliyewahudumia gerezani aliacha taarifa kwamba wengi wao walibatizwa kabla ya kufa.

Taarifa hiyo inathibitisha nini? Kwamba ubatizo ulitolewa, tunaweza kukubali: aliyeandika alikuwepo. Lakini waliohukumiwa walifikiri nini usiku ule? Hapo shahidi wetu ni mmoja, na waliobatizwa hawakuacha barua. Tuseme kwa kiasi tunachokijua.

Sasa tuangalie masimulizi. Kwa vizazi vingi imesimuliwa kwamba kichwa cha Nduna Songea Mbano kilipelekwa Ujerumani. Kama masimulizi yangedharauliwa kwa kuwa hayana karatasi, nani angekitafuta? Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kukitafuta, bila kuahidi kwamba kitapatikana. Masimulizi yamefungua mlango wa uchunguzi. Nyaraka na mabaki yenyewe ndiyo yatakayothibitisha.

3. Maswali ya kumpima shahidi

- Ni nani, naye alikuwa wapi jambo lilipotokea?
- Alisema au aliandika lini: siku ile, au miaka mingi baadaye?
- Alikuwa akimwambia nani, na alitaka aamini nini?
- Je, yupo shahidi mwingine ambaye hakupata habari kutoka kwake?

Swali la mwisho ni la zamani. Torati ilidai mashahidi wawili au watatu kabla ya kumhukumu mtu (Kum 19:15). Wazee watano waliosikia kwa babu mmoja ni shahidi mmoja, si watano.

4. Matumizi kwetu

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za Maji Maji, na baadhi ya wazee walikuwa wameiona vita kwa macho yao. Leo hakuna hata mmoja aliye hai. Kisichoandikwa wakati ule hakiwezi kuulizwa tena.

Kwa hiyo, mseminari ukiwa likizo, nawe muumini nyumbani, mtafute mzee mmoja. Andika jina lake, tarehe, na maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyarembesha. Kisha linganisha na daftari la parokia. Vikitofautiana, andika vyote viwili. Kuwasemea marehemu uongo ni kuvunja amri ya nane, hata tukiwasifu.

Kwa tafakari: Katika historia ya kigango chako, ni nani aliyefanya kazi kubwa na jina lake halimo katika maandishi yoyote?