SOMO: NENO "LORD", MLINZI WA MKATE



Wengi wetu huhudhuria ibada ya Kiingereza mara kwa mara, na wengine husoma Biblia katika lugha hiyo. Neno moja lisilokosa kutajwa humo ni "Lord", ambalo sisi twasema "Bwana". Kwa kuwa tumelizoea, hatuulizi lilitoka wapi. Leo tutazame asili yake, maana zake, na jinsi linavyotuhusu.

1. Asili yake

Waingereza wa kale walisema hlaford, na kabla ya hapo hlafweard. Hayo ni maneno mawili yaliyounganishwa: hlaf, yaani mkate, ndilo "loaf" la leo, na weard, yaani mlinzi. Basi "Lord" kwa asili ni mlinzi wa mkate, mwenye nyumba ambaye watu wake wote humtazamia yeye wapate kula. Mkewe aliitwa hlæfdige, mkanda mkate, likafupika kuwa "lady". Mtumishi naye aliitwa hlafæta, mla mkate. Neno hilo limo katika sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, yule aliyempokea Mtakatifu Augustine mwaka 597. Sheria hizo zasema kwamba amwuaye mla mkate wa mtu atalipa shilingi 6.

2. Maana zake

(a) Mungu. Hapo kale, Waingereza walipotafsiri neno la Kilatini Dominus, walipendelea neno drihten, yaani mkuu wa mashujaa wa vita. Baadaye drihten likafa, na lile neno la nyumbani likashika nafasi yake. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, "LORD" kwa herufi kubwa zote husimama badala ya Jina takatifu la Kiebrania. Biblia yetu ya Union Version nayo huandika BWANA kwa sababu hiyo hiyo.

(b) Mtawala au mkuu mwenye ardhi na watu chini yake.

(c) Cheo. Baraza moja la Bunge la Uingereza huitwa "House of Lords", na maaskofu 26 wa Kanisa la Uingereza wana viti humo.

(d) Mwenye nyumba ya kupanga, "landlord". Hapa mlinzi wa mkate amekuwa mdai kodi!

(e) Kitendo: kujifanya bwana juu ya wengine. Hilo ndilo Mtume Petro awakatazalo wazee wa Kanisa, 1 Petro 5:3.

Lakini uwanja wa kriketi wa Lord's, ulioko London, hauhusiani na bwana ye yote mkuu. Umeitwa kwa jina la Thomas Lord, aliyefungua uwanja wake wa kwanza mwaka 1787.

3. Tahadhari

Asili ya neno si fundisho la imani. Mitume waliandika Kiyunani, na neno lao Kyrios lahusu mamlaka; halina mkate ndani yake. Kwa hiyo mtu asihubiri kwamba Paulo alimwita Yesu mlinzi wa mkate. Hata hivyo, Injili yenyewe yatuonyesha Bwana wa namna hiyo. Kule Emau alitambuliwa alipoumega mkate (Luka 24:30-31). Kando ya bahari aliwatayarishia wanafunzi mkate na samaki, nao wakajua kuwa ni Bwana (Yohana 21:9-13). Mamlaka yote ni yake, naye ndiye aliyewasha moto na kuwalisha waliochoka.

4. Latuhusu nini?

Kwa Kiswahili, mume pia ni bwana. Je, bwana auzaye mahindi ya nyumba yote, fedha zikaishia njiani, na watoto wakaenda shule na njaa, amelinda mkate gani? Aliyeulima na kuupika ni mkewe. Yeye amebaki na jina tu.

Na sisi wazee wa kanisa tujipime. Yule ambaye Waingereza humwita "churchwarden" ana ulinzi ndani ya jina lake, kwa maana "warden" na weard ni ndugu. Siku ya sherehe, mara nyingi wakuu huketi meza ya mbele, wakaandaliwa kwanza. Wajane waliokesha wakipika hula makombo. Soma Marko 10:42-45, ndipo uangalie meza zetu.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Nyumbani mwako, nani hula wa mwisho, na kwa nini?

2. Mavuno na sadaka za mtaa wetu huwafikia wenye njaa kwa njia gani?

3. Tukimwita Yesu "Bwana", tunaahidi nini kwa wale wanaotuita sisi mabwana?