SOMO LA AFYA: KUACHA UNGA NA KUDUMU UMEACHA

Watu wengi wakimwona kijana aliyetekwa na unga, yaani heroini, husema, "Huyu amekosa haya tu; akitaka ataacha." Maneno hayo hayamsaidii mgonjwa wala jamaa zake. Yafaa basi tuujue ugonjwa wenyewe.

Jinsi uraibu unavyoanza

Katika ubongo mna sehemu inayompa mtu raha anapokula akiwa na njaa, au anapokutana na rafiki. Kazi yake ni kumfanya arudie mambo yanayomfaa. Heroini huiamsha sehemu hiyo kwa nguvu kuliko chakula au urafiki. Ikitumiwa mara kwa mara ubongo huizoea; kipimo cha jana hakitoshi leo. Mwishowe mtumiaji hatafuti raha tena, bali hukimbia mateso. Akiikosa, kwa muda wa saa chache hushikwa na jasho, maumivu ya viungo, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi. Mitaani hali hiyo huitwa arosto.

Arosto hupita, hamu hubaki

Maumivu makali hupungua baada ya wiki moja hivi. Hapo jamaa hushangilia wakidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Mtu akipita kichochoro alichozoea, au akigombana na watu nyumbani, hamu yaweza kumrudia hata baada ya miezi mingi. Tena mwili uliokaa bila unga hauwezi tena kuustahimili. Akirudia mara moja tu kwa kipimo cha zamani, pumzi yaweza kukatika akafa. Kwa hiyo siku za kwanza baada ya kutoka hospitali au gerezani ni za kuangaliwa sana.

Dawa

Mnamo mwaka 1964, huko New York, Daktari Vincent Dole na Daktari Marie Nyswander walianza kuwatibu watumiaji wa heroini kwa methadoni. Mgonjwa huinywa mara moja kwa siku. Huzuia arosto na kupunguza hamu, wala haimleweshi mtu aliyepimiwa sawasawa. Kwetu Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011.

Wako wasemao kwamba anayekunywa methadoni hajaacha, amebadili tu. Sivyo. Mwenye kisukari anayechoma insulini kila siku hatumwiti mlevi wa insulini. Methadoni yaweza kuhitajiwa kwa miaka. Muda wake huamuliwa na daktari pamoja na mgonjwa, si majirani.

Wajibu wetu

1. Mwite kwa jina lake. Anayeitwa "teja" kila siku ataona hana sababu ya kubadilika.

2. Msaidie kwa vitu vyenye kusudi: chakula, nauli ya kliniki, na kazi ya kumshughulisha mchana. Fedha nyingi mkononi ni jaribu kwake.

3. Akianguka, asifukuzwe, arudishwe kliniki upesi. Mwenye shinikizo la damu likipanda tena, hurudi kwa daktari, hatupwi nje.

4. Akikutwa hazinduki, au anapumua kwa shida, alazwe ubavu, na apelekwe hospitali mara moja.

Nanyi wanafunzi, mwenzenu ambaye kaka yake anatumia unga hana kosa lolote. Msimcheke. Pengine usiku hakulala, na asubuhi amekuja shule bila chai. Kaeni naye, na akitaka kusema, msikilizeni, kisha mpelekeni kwa mwalimu anayemwamini.

Kuacha ni kazi ya siku chache. Kudumu umeacha ni kazi ya miaka, wala hakuna aifanyaye peke yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali

1. Kwa nini mtumiaji huongeza kipimo?
2. Kwa nini kurudia baada ya kuacha kwaweza kuua?
3. Eleza tofauti ya kumsaidia mgonjwa na kumpa fedha tu.