Kokwa la embe Kent

Swali: Nimekula embe Kent tamu sana. Nikipanda kokwa lake nyumbani, nitapata embe lile lile?

Jibu: Hapana, ndugu msomaji. Mbegu ya Kent ina kiinitete kimoja, chenye urithi wa mama na wa chavua, mara nyingi ya mwembe mwingine. Mti utazaa embe la namna yake, pengine lenye nyuzinyuzi, baada ya miaka 5 au zaidi.

Hata hivyo panda, maana mche huo ni shina zuri la kubebeshea. Usianike kokwa! Pasua ganda gumu, toa mbegu, ifukie mapema, mgongo juu, kwenye udongo usiotuamisha maji. Mche ukinenepa kama penseli, bebesha kikonyo cha Kent inayozaa.