Shughuli za mwisho wa wiki na kiporo cha pilau

Katika safu yetu ya leo tutaangalia jambo ambalo kila kaya inalijua. Nyumba ina akika au walima, wageni wanaingia tangu Ijumaa jioni, masufuria makubwa yameazimwa, na baba mwenye nyumba ameamua kuwa siku hizo hizo ndizo za kuchimba choo kipya.

Kwa wakazi wa Ngerengere wageni wamekuwa wengi zaidi. Tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, ndugu wa mjini huja Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili. Kuunga udugu ni ibada, lakini haipendezi mgeni akaondoka na tumbo la kuhara.

Tuanze na pilau, maana hapo ndipo penye tatizo kubwa. Hupikwa asubuhi, huliwa baada ya Adhuhuri, na kinachobaki hulala ndani ya sufuria mpaka kesho yake kiliwe na chai. Wengi hudhani kwamba maadamu kimepikwa kwa moto mkali na kitapashwa tena, hakina madhara. Sivyo. Mchele hutoka shambani ukiwa na bakteria ambao mbegu zao huvumilia kuchemshwa. Wali unapopoa polepole, mbegu zile huamka, bakteria wakazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Mlaji huanza kutapika kati ya nusu saa na saa sita. Hapo wengine huanza kumtuhumu jirani kwa husda. Jirani hana kosa. Kosa ni la sufuria.

Sufuria kubwa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu katikati yake hubaki vuguvugu usiku kucha, hasa kwa joto la huku bondeni. Pilau iliyo juu ya makaa na bado inatoa mvuke haina tatizo. Ikishaepuliwa, isikae zaidi ya saa mbili. Mwenye friji aitandaze kwenye masinia ipoe haraka, kisha aiweke ndani. Asiye na friji, na hao ndio wengi, aigawe usiku ule ule kwa majirani na ndugu wanaoondoka, ili iliwe moto moto. Kupika kwa awamu mbili ni bora kuliko kupika lundo, tena kunatuepusha na israfu tuliyokatazwa.

Jingine ni kachumbari. Mbuzi amechinjwa uani, kisu na ubao vilivyokata nyama mbichi vinahamia kwenye nyanya, ambazo hazipikwi. Tenga kisu cha nyama. Na nyanya zioshwe kwa maji salama. Mto Ngerengere huanzia milima ya Uluguru, ukaingia bwawa la Mindu na kupita mji wa Morogoro kabla ya kushuka huku, hivyo hubeba uchafu wa watu wengi. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kilifika na mkoani Morogoro. Maji yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kipimo cha kwenye paketi.

Kunawa kwa kuchovya mikono katika beseni moja, mmoja baada ya mwingine, si kunawa, ni kugawana uchafu. Kijana mmoja amimine maji kwa birika, na sabuni iwepo. Mtume (s.a.w.) alituamrisha kufunika vyombo usiku na kufunga viriba, ndoo za maji ya kunywa nazo zina haki hiyo.

Sasa choo cha baba. Kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na upande wa chini wa mteremko. Vijana wanaochimba wasiitwe kupakua chakula kabla hawajaoga. Anayesafisha choo cha zamani asichanganye jiki na dawa ya asidi, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Ikitokea mtu anaharisha, mpe maji ya chumvichumvi mapema. Kama huna paketi, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mtoto aendelee kunyonya. Ukiona macho yamedidimia, hakojoi, analegea, kinyesi kina damu au ni kama maji ya mchele, usingoje wageni waondoke. Mpeleke kituo cha afya huku ukiendelea kumnywesha njiani.

Inshaallah wiki ijayo tutaangalia visima wakati wa masika.