Kuacha Baklofeni kwa Taratibu: Maelezo kwa Watu wa Nyumbani

Mtu aliyepatwa na maradhi ya uti wa mgongo, au aliyejeruhiwa ubongo, au aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, aghalabu huteswa na misuli inayokaza pasipo ridhaa yake, mguu ukanyooka usikunjike, vidole vikafumbata visifumbuke, na usingizi ukamtoroka kwa maumivu. Na miongoni mwa dawa ambazo matabibu huziandika kwa dhiki hiyo, mojawapo iliyo mashuhuri ni baklofeni. Iliundwa mwaka 1962 mjini Basel, Uswisi, kwa kusudi la kutibu kifafa; kwa kifafa haikufaa, bali kwa kulegeza misuli imewafaa watu wengi hata leo. Hatukusudii kumtia mtu hofu ya kuitumia, wala kumshawishi aiache. Tunaloliomba ni kwamba, siku ikifika ya kuiacha, isiachwe kwa ghafula.

Baklofeni huzituliza neva za uti wa mgongo zinazoiamrisha misuli ikaze, na mtu akiimeza kila siku kwa majuma mengi, mwili huizoea na kuitegemea. Basi ikiondoshwa kwa mara moja, neva hubaki bila kitulizo kabla hazijapata nafasi ya kurejea tabia yake ya asili. Kwa kuwa nusu ya dawa iliyomo katika damu hutoweka kwa muda wa saa 3 au 4 hivi, dalili zaweza kuanza kabla ya siku kupita, au katika siku mbili tatu zinazofuata: ngozi kuwasha, jasho, moyo kwenda mbio, wasiwasi, kukosa usingizi, na misuli kukaza kupita ilivyokuwa kabla ya tiba. Zikizidi, mgonjwa huweweseka, huona na kusikia yasiyokuwapo, hupatwa na degedege na homa kali, na misuli yake huweza kuharibika hata ikadhuru figo. Na wako waliofariki dunia kwa sababu hiyo.

Katika nyumba zetu homa yenye kuweweseka hudhaniwa upesi kuwa ni malaria, au hunasibishwa na mashetani, na saa zenye thamani zikapotea. Kwa hiyo yeyote anayemfikisha mgonjwa hospitali na aanze kwa kusema kwamba mtu huyu alikuwa akimeza baklofeni, kiasi gani kwa siku, na lini alimeza ya mwisho. Na achukue pakiti mkononi, kwani daktari wa zamu hana njia nyingine ya kuyajua hayo. Mgonjwa akishikwa na degedege njiani, alazwe ubavu, wala asitiwe kitu chochote kinywani.

Kupunguza kwenyewe hupangwa na daktari. Kwa kawaida hupunguzwa miligramu 5 hadi 10 kila wiki, hata mtu aliyekuwa akimeza miligramu 60 kwa siku apate kumaliza kwa wiki sita au zaidi, na akipunguza 5 tu kila mara, huenda zikawa wiki kumi na mbili. Mwendo huu waweza kuonekana mrefu mno, hasa kwa mwenye kununua dawa kwa fedha yake, lakini hauna ubaya. Na aliyezoea dawa kwa miaka huenda akahitaji mrefu zaidi. Dalili zikitokea baada ya hatua fulani, daktari aarifiwe siku hiyo hiyo, naye aghalabu humrejesha mgonjwa katika kipimo cha mwisho alichokuwa nacho salama, kisha akaenda polepole zaidi. Mgonjwa asijiongezee vidonge kwa kufidia vilivyompita, kwani baklofeni ikizidi humlaza mtu usingizi mzito na kuidhoofisha pumzi, hasa ikichanganyika na pombe au dawa za usingizi. Na mwenye figo dhaifu yumo hatarini zaidi, maana dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya mkojo.

Walakini wengi wanaoiacha kwa ghafula hawakukusudia. Dawa huisha Ijumaa jioni na duka halina. Safari ya mazishi huitishwa usiku na pakiti ikasahauliwa. Mgonjwa hutapika siku nzima. Au hulazwa kwa maradhi mengine na ikawa hakuna aliyetaja dawa anazotumia. Mwezi wa Ramadhani nao wahitaji hadhari, kwa kuwa dawa inayomezwa mara tatu kwa siku haiwezi kusogezwa hadi futari na daku kwa kukisia, na heri ni kuonana na daktari kabla ya mwezi kuandama. Twasisitiza kwamba ndani ya nyumba awepo mtu mmoja anayehesabu vidonge, na kwamba vikibaki vya wiki mbili, aanze kutafuta vingine siku hiyo.

Diazepamu na tizanidini, dawa nyingine za kulegeza misuli, nazo hazifai kukatwa ghafula, ingawa kila moja ina kipimo chake na mwendo wake. Tizanidini, kwa mfano, ikiachwa kwa mara moja huweza kupandisha shinikizo la damu. Utaratibu wa moja usitumiwe kwa nyingine.

Vidonge vitakavyosalia baada ya kumaliza virejeshwe kwa mfamasia, na hata kabla ya hapo viwekwe mahali pa juu palipofungwa, kwa kuwa mtoto akivimeza huweza kuzimia na kushindwa kuvuta pumzi. Wala asipewe jirani mwenye maumivu ya mgongo, hata akiomba kwa hisani.