Kabla ya Kuvuka Mutukula na Dodoso

Mwanafunzi wa uzamili wa afya ya jamii akipangiwa kutoka Dar es Salaam kwenda kukusanya data kwa wavuvi wa Kasensero, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, mara nyingi huanza na orodha ya manunuzi: viatu, tochi, begi. Aanze na vibali. Basi la kwenda Mutukula lipo kila siku.

Kibali cha maadili cha chuo chako hakikufikishi huko. Pendekezo la utafiti lipite pia kwenye kamati ya maadili ya Uganda iliyoidhinishwa, mfano ile ya Skuli ya Afya ya Umma ya Makerere au ya UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi kule Entebbe, kisha lisajiliwe UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Jipe miezi, na utafute mapema mtafiti mwenyeji wa kushirikiana naye, anayejua faili linakwama kwenye meza ipi. Baada ya hapo kuna ofisi ya RDC (mwakilishi wa rais wilayani), mganga mkuu wa wilaya, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Huyu wa mwisho ndiye wageni humruka, na asipokutambua hakuna atakayekufungulia mlango. Barua zako zielekezwe wilaya ya Kyotera, iliyomegwa kutoka Rakai mwaka 2017. Makala nyingi utakazosoma bado zitasema Rakai. Ukikusudia kurudi na sampuli za damu au kinyesi, mkataba wa kuzihamisha uandikwe sasa hivi.

Soma pia waliokutangulia. Ukanda huo ulikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza Afrika Mashariki kuonekana UKIMWI, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na watafiti hawajaacha kubisha hodi tangu hapo. Swali ambalo mtu ameshaulizwa mara nyingi, lifute.

Halafu lugha. Mtanzania hudhani Kiswahili kitambeba. Mialoni kinasikika, kwa kuwa wavuvi hutoka kila upande wa ziwa, lakini huko Buganda wapo wazee wengi wanaokihusisha na askari wa enzi za utawala wa mabavu. Ukimuuliza mtu habari za chumbani kwake kwa lugha hiyo, utapewa majibu ya kukuondoa tu. Dodoso liwe la Kiluganda: mmoja alitafsiri, mwingine ambaye hajaona la mwanzo alirudishe katika lugha ya awali, kisha mkae pamoja mahali matoleo yanapopishana. Lijaribuni kwenye mwalo mwingine, si ule mtakaofanyia kazi. Wakusanya data wawe wa eneo hilo lakini wasiwe wa kijiji hichohicho, kwani nani atamweleza jirani yake majibu ya kipimo cha VVU?

Ratiba ifuate mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa, wavuvi wengi wa dagaa hupumzika, hutengeneza nyavu, au huhamia mwalo mwingine. Hizo ndizo siku za kuwapata wakiwa na nafasi, ingawa utampoteza aliyehama. Siku za giza usiwafuate asubuhi, maana ndipo wanapolala. Ukiweka wiki zako kwa kufuata muhula wa chuo peke yake, utahoji wenye vibanda vya chakula na kuwaita wavuvi.

Kuhusu afya yako mwenyewe: chanjo ya homa ya manjano hutambulika siku 10 baada ya kudungwa, basi usiichome safari ikinukia, na cheti utakitumia tena ukirudi nyumbani. Mtu aliyekulia mjini asijione amezoea malaria. Beba chandarua chenye dawa, na homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Kichocho kipo ziwani, kwa hiyo kuoga ufukweni na kushuka mtumbwini miguu mitupu visiwe mazoea yako. Ukishagusa maji hayo, panga kupima wiki kadhaa baadaye, hata kama huna dalili.

Vifaa ni jambo la dakika chache. KoBoToolbox, programu ya kukusanyia data, hufanya kazi pasipo mtandao. Weka nywila kwenye kila kishikwambi, na majina ya wahojiwa yasikae faili moja na majibu yao.

Mwisho, bajeti iwe na siku mbili za kurudisha matokeo, kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa wanakijiji, pamoja na ukurasa mmoja wa Kiluganda. Fedha hizo ziombe sasa. Ukishakabidhi tasnifu, hakuna ofisi itakayokupa nauli ya Kasensero.